Binti Akicheza, Nani Anatazama?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoingia karibu kila nyumba yenye simu ya kisasa na msichana anayekua. Jioni, kazi zikiisha, simu huegemezwa kwenye ndoo, muziki hufunguliwa, na binti, peke yake au na wenzake wawili watatu, husimama mbele yake. Hucheza kwa sekunde chache, hutazama alichorekodi, hukifuta, kisha hurudia. Baadaye hubadilisha gauni na kupiga pozi, mkono kiunoni na kidevu juu, kama mtu anayejua kwamba amependeza. Kabla ya kulala, kile kipande cha video kimekwisha kurushwa TikTok, Instagram au kwenye stetasi ya WhatsApp.

Wazazi wengi wakiona hivyo hufuata moja ya njia mbili. Wapo wanaonyang'anya simu, wakafoka na kumwita mtoto majina ambayo hayatamtoka moyoni upesi. Na wapo wanaosema, "Ndio watoto wa siku hizi," wakaendelea kupika. Sisi tunaona kwamba njia zote mbili humwacha mtoto peke yake. Aliyenyang'anywa simu atacheza kwa jirani, kwa simu ya rafiki, mahali ambapo mama hatajua. Aliyeachiwa atatazamwa na watu ambao mama hajawahi kuwaona. Basi tuketi kidogo, tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Kupiga pozi si jambo geni

Kwanza tuseme ukweli: hamu ya kuonekana umependeza haikuletwa na simu. Fungueni masanduku ya bibi zenu. Mtakuta picha za rangi nyeusi na nyeupe, mwanamke kijana ameketi kwenye kiti cha studio, mguu juu ya mguu, mkono kwenye redio au chombo cha maua, nyuma yake pazia lililochorwa. Mjini Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilipiga picha za namna hiyo kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita. Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, na wateja waliweza kupigwa picha na saa, redio, hata pikipiki ya Vespa, vitu ambavyo si wote walikuwa navyo nyumbani. Watu walivaa nguo bora, wakajipanga, wakanyanyua kidevu. Hakuna aliyewaita wahuni kwa sababu hiyo.

Kadhalika ngoma. Katika pwani yetu chakacha ya harusi ilichezwa na wanawake mbele ya wanawake wenzao. Katika unyago, mwali alifundishwa kucheza na kungwi wake, na mwanamume hakuruhusiwa kusogea. Hata leo, kwenye kitchen party, shangazi na somo humchezea bibi harusi mitindo ambayo kesho yake, wakienda sokoni, hakuna atakayeidhania. Mwili uleule, kiuno kilekile, lakini mahali pamebadilika.

Hapo ndipo kiini cha neno letu la mwezi huu. Ngoma ya zamani ilikuwa na ua. Mchezaji alijua nani yuko ndani na nani yuko nje. Alijua pia kwamba ngoma ikiisha imekwisha, na kilichobaki ni kumbukumbu katika vichwa vya waliokuwapo. Picha ya studio nayo ilikuwa na ua wake: nakala moja ukutani, nyingine kwa mchumba, nyingine kwa ndugu aliye mbali. Kwa hiyo si lazima tuanze kwa kuuliza kama ni vibaya binti kucheza. Tuanze kwa kuuliza nani anatazama, na ngoma ile itakaa wapi ikiisha.

Simu imebomoa ua

Akina mama wengi hudhani kwamba video ikirushwa huonwa na marafiki wa mtoto tu. Kwa stetasi ya WhatsApp ni karibu na kweli: huonwa na watu ambao wamehifadhiana namba, na huondoka baada ya saa 24. Lakini TikTok haifanyi kazi hivyo. Ukurasa wake mkuu haukuonyeshi watu unaowafahamu. Hukuonyesha video ambazo mashine imekisia kwamba utazipenda, kwa kupima ulitazama nini mpaka mwisho, ulirudia nini, na ulipitisha nini haraka. Akaunti ikiwa wazi, video ya msichana wa Morogoro mwenye wafuasi 30 inaweza kuwekwa mbele ya maelfu ya watu wa nchi nyingine usiku mmoja. Na mtu mzima mwenye nia mbaya, akitazama mara kwa mara video za wasichana wadogo, mashine ile haijui nia yake. Inaona tu kwamba anapenda, ikamwongezea.

Isitoshe, kilichorushwa hakirudi kwa hakika. Anayetazama anaweza kurekodi kioo cha simu yake, akaituma video kwenye kundi lingine, akaondoa muziki na kuweka maneno ya kejeli. Mtoto akifuta video kwake, nakala ya mwingine haifutiki.

Hata mambo mema hutoroka hivyo hivyo. Mwaka 2019 msichana kijana kutoka eneo la Atlanta, Marekani, Jalaiah Harmon, alitunga mtindo wa kucheza ulioitwa Renegade, akaurusha mtandaoni. Mtindo ulienea duniani, wengine wakajipatia sifa na fedha kwa kuucheza, lakini kwa miezi kadhaa karibu hakuna aliyemtaja aliyeutunga. Ni mwezi Februari 2020, baada ya magazeti kuandika habari zake, ndipo alipotambuliwa na kualikwa kucheza katika sherehe za mpira wa kikapu mjini Chicago. Yeye hakudhuriwa mwilini, ashukuriwe Mungu. Lakini kazi ya mikono na miguu yake ilikwenda mbali bila jina lake.

Tusikatae lililo jema

Yatupasa pia kuwa waadilifu. Video hizi zimewafungulia watu milango. Watoto wa Ghetto Kids wa Kampala, wanaolelewa na mwalimu Dauda Kavuma, walijulikana mwaka 2014 walipocheza katika video ya wimbo wa Eddy Kenzo, "Sitya Loss". Mwaka 2023 walifika fainali ya shindano la vipaji la Uingereza linalotazamwa na mamilioni. Hapa kwetu Tanzania, Kili Paul na dada yake Neema, vijana wa Kimasai, walivaa mashuka yao wakacheza na kuigiza nyimbo za Kihindi mbele ya simu, hata mwezi Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ukamtunukia Kili. Nani amesahau mwaka 2020, wakati wa Korona, wauguzi na watawa walipocheza "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode, kwa kuiga kundi la Angola lililocheza huku wameshika sahani za chakula? Kwaya zetu wenyewe hushona sare, hufanya mazoezi ya hatua, hurekodi na kurusha. Hatuwezi kumwambia binti kwamba kamera ni ya shetani Jumamosi, na Jumapili tukamtaka avae sare mbele ya kamera hiyo hiyo.

Lakini angalieni vizuri mifano hiyo. Watoto wa Kampala wana mtu mzima anayewasimamia. Kili na Neema ni ndugu, na wote ni watu wazima. Kwaya ina mwalimu na viongozi. Binti yetu aliye peke yake chumbani saa nne usiku, amefunga mlango, hana mtu. Hiyo ndiyo tofauti, wala si muziki wala kiuno.

Binti anatafuta nini?

Msichana wa miaka 13 au 14 yumo katika mwili mpya ambao hajauzoea. Jana alikuwa mtoto, leo wajomba wanamwangalia na kunyamaza. Anaposimama mbele ya simu na kunyanyua kidevu, mara nyingi anajifunza kukaa ndani ya mwili huo bila kuona haya. Kujiamini huko ni mali. Mtoto anayejiamini husema "sitaki" kwa sauti inayosikika. Mama akimwambia, "Unajitembeza kama malaya," amemfundisha kuuonea haya mwili wake, na mtoto mwenye haya hatamwambia mama siku atakapoguswa na mtu asiyestahili.

Hatari ni pale kipimo cha uzuri wake kinapohamia kwenye hesabu ya mioyo na maoni ya wageni. Leo video ya kitenge imepata mioyo 12, kesho ya sketi fupi imepata 300. Hakuna aliyemwambia avue; hesabu imemfundisha. Hapo mama ana kazi ambayo hakuna mashine itakayoifanya: kuwa mtazamaji wa kwanza. Mwambie, "Nionyeshe mlichorekodi leo." Tazama mpaka mwisho. Msifu palipo pazuri, maana mnaijua ngoma, akina mama, msijifanye hamuijui. Mwonyeshe namna ya kutupa bega. Mtoto anayesifiwa nyumbani hana njaa kubwa ya sifa za mtu asiyemjua. Kisha muulize kwa upole, "Hii ungependa babu aione? Mwalimu wako je? Na yule kijana wa dukani?" Mara nyingi atajijibu mwenyewe.

Tujenge ua upya

Sasa tuje kwenye mambo ya kutenda. Tumeyapanga kwa ufupi ili mama mwenye shughuli nyingi ayafuate moja moja.

Umri. TikTok na Instagram zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Watoto wengi hudanganya mwaka wa kuzaliwa. Hilo si dogo, kwa sababu ulinzi wote unategemea mwaka huo. Kwa mtoto wa miaka 13 hadi 15, TikTok huanza na akaunti iliyofungwa, hairuhusu ujumbe wa faragha, na watu hawawezi kupakua video zake. Matangazo ya moja kwa moja ni kwa waliotimiza miaka 18. Instagram nayo, tangu Septemba 2024, ilianza kuwawekea walio chini ya miaka 18 akaunti zilizofungwa. Binti aliyeandika kwamba ana miaka 20 amejivua kinga hizo zote. Kaa naye, mrekebishe mwaka. Na aliye chini ya miaka 13 arekodi kwa kufurahi, mwangalie pamoja, video ibaki ndani ya simu.

Akaunti iliyofungwa. Akaunti ikifungwa, anayetaka kufuata huomba kwanza. Wekeni kanuni: anakubaliwa tu mtu ambaye binti amewahi kumwona uso kwa uso na mama anamfahamu. Pitieni orodha pamoja, mwisho wa mwezi hivi.

Simu ya mama kuunganishwa na ya mtoto. TikTok ina sehemu ya mipangilio inayomwezesha mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto, akaweka kikomo cha muda na kuamua juu ya ujumbe. Kwa walio chini ya miaka 18 kikomo cha kuanzia ni dakika 60 kwa siku, ingawa kijana anaweza kukivuka. Kama mama hajui, mpwa au shangazi kijana amsaidie. Hakuna aibu kujifunza.

Kinachoonekana nyuma. Kabla ya kurusha, tazameni kilicho nyuma ya mchezaji. Sare ya shule yenye nembo, jina la duka la mtaani, namba ya gari, geti la nyumba: vitu hivyo humwambia mgeni mahali pa kumpata. Khanga ikitundikwa ukutani inatosha kuwa pazia.

Mahali na saa. Kurekodi kufanyike sebuleni au uani, mlango ukiwa wazi, na mdogo wake apite apite. Usiku simu zote zilale chumba kimoja, na ya mama iwe mojawapo.

Jina la mwenye ngoma. Binti akitunga mtindo wake, aandike jina lake la mchezo kwenye video. Akiiga wa mwingine, amtaje. Hiyo ni adabu, na adabu tunaifundisha sisi.

Nasi tunaoshika simu

Akina mama, watoto hutuangalia. Ni nani anayerusha picha ya mtoto mchanga akiogeshwa beseni? Ni nani anayemrekodi mtoto wa miaka mitatu akikata kiuno, watu wazima wakicheka, kisha akaituma kwenye kundi lenye watu 200? Yule mtoto hakuulizwa. Tukitaka binti atuulize kabla ya kurusha, nasi tumuulize yeye.

Na kwenye kitchen party, mwenye shughuli atangaze mapema kama simu zinaruhusiwa au la. Mama mtu mzima aliyecheza kwa furaha ya harusi ya mpwa wake, akidhani yuko ndani ya ua wa wanawake, asije akajikuta Jumatatu kwenye simu ya mkubwa wake wa kazi. Ziko sherehe ambako simu hukusanywa kwenye kikapu mlangoni hadi ngoma iishe. Tunaupongeza utaratibu huo.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023 kamishna anayeisimamia alitangaza faini ya shilingi 4,550,000 kwa shule moja iliyoweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na shilingi 1,850,000 kwa baa moja ya Nairobi iliyorusha picha ya mteja aliyekuwa akistarehe bila kumwomba ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Basi shule au chuo cha ngoma kikitaka kurusha video ya mwanao, una haki ya kuulizwa, na una haki ya kukataa.

Mambo yakiharibika

Mwisho, tuseme lililo gumu. Huanza hivi: mtu asiyejulikana anamsifia binti kila siku. Anajiita kijana wa miaka 17, au mwenye kampuni ya mitindo. Anaomba wahamie WhatsApp. Anaomba picha moja ya pozi bila gauni, "ya majaribio". Akishaipata, uso unabadilika: tuma nyingine, au tuma fedha, la sivyo nitawaonyesha wazazi wako na shule nzima.

Mtoto aliyefika hapo anaogopa kuliko mnavyodhani, na kinachomtisha zaidi ni mama. Kwa hiyo mwambieni leo, kabla ya lolote kutokea: "Hata ukikosea, njoo kwangu kwanza. Sitakupiga." Na siku akija, timizeni ahadi hiyo. Msilipe, maana anayelipwa huomba tena. Binti asitume chochote zaidi. Msifute ujumbe kwa hasira. Hifadhini namba, majina na tarehe, kwa kuwa ndio ushahidi. Kisha mripoti akaunti hiyo kwa mtandao wenyewe na kwa polisi. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za ngono za watoto. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mwandikieni namba hiyo kwenye daftari lake.

Mwezi huu basi, tunawapa kazi ndogo. Mojawapo ya jioni hizi, mwambieni binti aegemeze simu yake kwenye ndoo, achague wimbo mnaoujua wote wawili, mcheze naye. Rekodini. Tazameni, mcheke. Halafu muamue pamoja kama video hiyo itatoka au itabaki nyumbani. Mkibishana kidogo ni vizuri, mradi mmebishana mkiwa mmeketi mkeka mmoja.